Bunduki ya Mtumba na Chumvi Yake

Mnunuzi wa mitumba ajua la kuangalia katika shati: kola, kwapa, vifungo. Shati likimhadaa, hasara yake ni shilingi chache tu. Kuna mtumba mwingine, ndugu msomaji, ambao kijana wetu aliyehamia Marekani hukuta umetundikwa dukani, nao ni bunduki kuukuu za majeshi. Vita vimekwisha, ghala zimejaa, serikali yataka silaha mpya. Zile za zamani huuzwa kwa raia wazipigie shabaha siku za mapumziko.

Mimi sina ugomvi na kupiga shabaha. Ni mchezo wenye adabu yake, na katika dini yetu kulenga mshale ni jambo lililosifiwa, mradi kisilengwe kiumbe chenye roho kilichofungwa. Ugomvi wangu ni na lile neno "rahisi", ambalo humfanya mtu anunue chuma asichokijua, pamoja na risasi asizozijua, kisha akaweka shavu lake juu yake.

Na mtumba huu si mgeni pwani. Karne ya kumi na tisa, majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kupakia nyuma, zile za kupakia mdomoni zilishuka Unguja maelfu kwa maelfu, zikaingia bara na misafara. Ndizo magobore yetu. Mpaka mwaka 1890 ndipo wakubwa wa Ulaya walipotia sahihi mkataba wa Brussels kuizuia biashara hiyo. Aliyelinunua gobore hakuambiwa limepigwa mara ngapi, wala kwa nini mwenyewe alilitupa.

Tuitazame bunduki moja, ya Kirusi, iitwayo Mosin-Nagant, iliyobuniwa mwaka 1891. Ilitengenezwa kwa mamilioni, ikapigana vita vikuu vyote viwili. Katika miaka ya 2000 ilipatikana Marekani kwa chini ya dola 100, imepakwa grisi nzito tangu kitako hadi mdomo wa mtutu. Risasi zake nazo zilikuwa za ghalani, katika makopo ya bati yaliyofungwa barabara, kopo moja risasi 440. Kijana huona amepata neema.

Lakini risasi nyingi za namna ile zina fataki za kizamani, zilizotiwa dawa iitwayo klorati ya potasiamu. Fataki ikilipuka, huacha ndani ya mtutu unga wa chumvi, ndugu na hii tuitiayo katika mchuzi. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na unyevu ukaleta kutu. Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa jambo hili. Atazame bawaba za dirisha lake linaloelekea bahari. Mnunuzi asiyejua humaliza mchezo wake, akapitisha kitambaa cha mafuta, akaiweka bunduki pembeni akidhani ameitunza. La hasha! Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Dawa yake ni maji, na ya moto ni bora, yapitishwe mtutuni siku ile ile, pakaushwe, ndipo yafuate mafuta. Ajabu kweli, kwamba chuma huokolewa na maji.

Kisha kuna hila ya tarakimu. Risasi ya bunduki hii ni ya milimita 7.62. Naam, lakini 7.62 ni jina la ukoo, si la mtu. Kuna ya Kirusi hii yenye ganda la milimita 54, kuna ya 39 inayoliwa na AK-47, na kuna ya 51 ya majeshi ya NATO. Moja haishiki mahali pa nyingine. Wajerumani nao mwaka 1905 waliipa risasi yao ya milimita 8 kichwa kinene zaidi. Ukiitia katika bunduki yao ya mwaka 1888 ambayo haikutanuliwa, shinikizo hupanda kupita kiasi, na kilicho karibu zaidi na shinikizo hilo ni jicho lako.

Baadhi ya bunduki za Kijapani zilizobebwa kutoka vita vya pili zilikuwa za mafunzo tu, za kupigia risasi za bandia. Kwa nje zafanana na wenzao. Ukizitia risasi ya kweli, zaweza kupasuka.

Kwa hiyo hapana budi bunduki ipitie kwa fundi kabla ya risasi ya kwanza. Fundi atazame kama nambari ya komeo yalingana na ya mwili, maana katika ghala za jeshi vipande huchanganywa. Apime nafasi iliyopo baina ya komeo na ganda. Amulike mtutu ndani. Kisha asome alama zilizochorwa juu ya kopo la risasi, asisome midomo ya muuzaji. Wengi hukataa, husema ujira wa fundi wakaribia bei ya bunduki yenyewe. Hesabu hiyo ni sahihi. Basi bei ya bunduki hiyo tangu mwanzo ilikuwa mara mbili ya ile iliyoandikwa dukani, na asiyekuwa nayo yote heri aiache ukutani.