Kifungu cha 63 hakisemi "wanaume tu"

Wandugu na wadada wa Kolwezi, Fungurume na Lualaba yote,

Mwanzo wa mwezi wa 11, 2022, Rais Tshisekedi aliita vijana waingie jeshini juu ya vita ya M23. Mdogo wangu, binti anayeshinda wavulana wote wa avenyu yetu kwa mbio, alienda kujiandikisha. Nilimsindikiza, juu sina kazi na wakati niko nao mwingi. Afisa mmoja alimwangalia toka kichwa mpaka miguu, akauliza: "Mama, unajua kupika?" Wavulana wa kwenye mstari wakacheka. Hakupimwa mbio, hakuulizwa diploma. Jina lake liliandikwa kwa karatasi ya pembeni, na mpaka leo hakuna aliyemwita.

Nilisoma sheria miaka 5. Lisansi yangu inalala ndani ya sanduku, basi leo niitumikishe hata bila mshahara. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 63, inasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda inchi ikivamiwa. Kifungu cha 189 kinataja vipimo vya kuingia jeshini na kupewa amri: mwili wenye nguvu, masomo ya kutosha, mwenendo mwema, na majimbo yote yapate nafasi. Majimbo yametajwa. Wanaume hawakutajwa. Na kifungu cha 14 kinaamuru Leta iondoe kila ubaguzi juu ya wanawake. Sasa hiki kipimo cha kupika, yule afisa alikitoa wapi?

Majibu yao nayajua. Watasema mila. Kwetu huku mila hiyo tunaijua vizuri: mwanamke akishuka ndani ya shimo, madini yanakimbia. Basi bamama wanabaki juu, wanaosha mawe ndani ya maji machafu kutwa nzima, mtoto mgongoni, na makuta wanayopata ni kidogo kuliko ya wanaochimba. Tangu lini kobalti inajua nani kavaa kikwembe? Ile mila inalinda mfuko wa mtu. Jeshini ni vile vile: mwanamke apike, aandike barua, afunge vidonda, kisha tarehe 8 Machi apite kwenye defile, apigwe picha. Siku ya kugawa vyeo wanamwambia hakupigana.

Watasema nguvu. Sawa, pimeni! Mzigo ule ule, kilometa zile zile, bunduki ile ile. Hatuombi kipimo cha huruma. Mdogo wangu akishindwa arudi nyumbani, sawa na mvulana aliyeshindwa. Eritrea walipigania uhuru wao mpaka 1991, na karibu theluthi moja ya wapiganaji walikuwa wanawake. Kenya waliwaweka wanawake kwenye kikosi chao cha pembeni mpaka walipokivunja. Mwaka 2024 Fatuma Ahmed akawa mkuu wa jeshi lao la anga.

Watasema wanatulinda. Mei 1978 waasi walipoingia Kolwezi, nkambo wangu alikaa chini ya kitanda kule Manika siku nyingi, na mimba, bila maji. Vita ilikuwa ndani ya nyumba yake. Goma na Bukavu, mwaka 2025, nani aliwalinda bamama?

Hata kati yetu kuna wanaouliza: sisi ni harakati isiyoshika silaha, bunduki inatuhusu nini? Inatuhusu. Juni 2019, baada ya mgodi wa KCC kuporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 40, basoda walitumwa kuwatoa wachimbaji huko. Amri za namna ile zinagusa maisha yetu, na sitaki zitolewe milele ndani ya chumba cha wanaume peke yao. Sisemi mwanamke mwenye cheo ni malaika. Lualaba iko na gavana mwanamke, na tunamkosoa sawa na wanaume waliomtangulia. Njo usawa wenyewe.

Kitu kimoja tu kinanitia woga, na sitakificha. Siogopi risasi ya adui peke yake. Naogopa mkubwa wa kampo atakayemwambia mdogo wangu: "Njoo usiku, ndipo utapata cheo." Wasichana wanaotafuta kazi mjini wanajua maneno hayo, mimi mwenyewe niliambiwa ofisini, nikarudi nyumbani na CV yangu. Ndani ya kampo utarudi wapi? Kwa hiyo kufungua mlango bila oditora ya kijeshi kufuata wakubwa wa namna hiyo ni kutupeleka machinjioni.

Tunadai hivi: kila aliyejiandikisha apimwe, matokeo yabandikwe ukutani na alama zake; wasichana waliofaulu wapelekwe mafunzo ya kupigana kama wengine; na kwa kila kampo kuwe na mahali pa kushtaki ambapo faili haipiti mezani kwa komanda. Barua iko tayari. Anayetaka kuweka sahihi aje na karte ya uchaguzi, wavulana pia, hasa wale waliocheka.