Tumeomba, Lakini Hatujauliza

Katika makanisa yetu ya Tarime na Serengeti tumezoea kuhukumu haraka. Binti akipiga kelele usiku, tunasema ana pepo. Baba akinywa pombe na kuwapiga watoto, tunasema ameanguka. Mama akinyamaza miezi mingi, tunasema imani yake ni haba. Tunawawekea mikono, tunasema amina, tunarudi nyumbani. Jumapili inayofuata hali ni ile ile.

Tusome Marko 9. Baba alipomleta mwanawe mwenye pepo, Bwana Yesu alimwuliza kwanza mambo hayo yalianza lini. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto. Ndipo pepo akakemewa. Ikiwa Yeye ajuaye yote aliuliza, sisi tusiojua tunaharakia nini?

Wataalamu wa uchambuzi wa nafsi, kazi iliyoanzishwa na daktari Sigmund Freud huko Vienna, humsikiliza mtu kwa muda mrefu mpaka maumivu aliyoyazika, hata akayasahau, yapate maneno. Wapo wanaopinga wakisema Freud hakumwamini Mungu. Ni kweli, aliiona dini kuwa njozi, na kwa hilo tunamkataa. Lakini tunapomeza dawa ya malaria, nani kati yetu huuliza dini ya aliyeigundua?

Vidonda vya kwetu tunavijua. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini Desemba ikikaribia bado mabinti wanakimbia wembe. Nyumba salama ya Mugumu, iliyofunguliwa 2014, imewapokea wengi, na tunamshukuru Mungu. Lakini binti aliyeshikiliwa na shangazi zake mwenyewe, au aliyekimbia akaitwa omosagane, haponi kwa kuambiwa asamehe na asahau. Hata mama anayempeleka, mara nyingi naye alipelekwa akiwa mtoto, akakatazwa kulia. Na kijana aliyekulia katika mapigano ya koo aliambiwa mwanamume halii. Machozi hayo yaliyozuiwa leo yanawaangukia wake na watoto.

Hatusemi tuache maombi. Tunasema kwamba kumfunga mtu mdomo kwa jina la Yesu ni dhambi, na ni yetu. Kila usharika uwe na watu waliofundishwa kusikiliza na kutunza siri. Jambo likiwazidi, wampeleke mhusika kwa mtaalamu bila aibu. Na kabla ya kuweka mikono, tuulize: tangu lini? Kisha tunyamaze, tusikilize.