Kibano cha Mpasuaji wa Macho

Mwananchi wa Shishiyu, mkoani Simiyu, aliyeingiwa na mtoto wa jicho, na ndugu yake wa Ukerewe anayevuka ziwa kufuata matibabu Mwanza, wote wawili hutegemea kitu kimoja: kibano chembamba mkononi mwa mpasuaji. Tunauliza leo, kibano hicho ni cha madini gani?

Vyombo vingi vya upasuaji ni vya chuma cha pua kisichoshika kutu upesi. Lakini kutoshika upesi si kutoshika kamwe. Chombo kikilowekwa mno katika maji ya klorini, au kikiwekwa na unyevu, huliwa vitundu vidogo vidogo, na uchafu hujificha humo. Titani haina udhaifu huo. Ikikutana na hewa hujivika yenyewe utando mwembamba sana, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha mara moja. Tena ni nyepesi: kipande cha chuma cha pua chenye gramu nane hivi, kikiwa cha titani hakizidi gramu nne na nusu. Kwa mkono unaofanya kazi ndani ya jicho chini ya darubini, wepesi huo si anasa. Wala titani haishiki usumaku, basi sindano ya kushonea hainati kwenye kibano.

Hata hivyo hatuwaambii wakubwa wa Bohari ya Dawa wanunue titani kila mahali. Bei yake ni kubwa, na makali yake hayadumu kama ya chuma kigumu. Visu na mikasi vibaki vya chuma. Tunachodai ni kwamba vibano vya macho na vishikio vya sindano vithaminiwe kwa miaka vitakayotumika, si kwa bei ya siku ya kununuliwa. Afisa anayetia sahihi hati ya bei rahisi hayumo chumbani siku kibano kinapokataa kufumba.

Titani tunayo, imo katika mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa. Jirani zetu wa Kwale, Kenya, walichimbiwa mchanga wake tangu 2013 hadi mwisho wa 2024, ukapakiwa melini. (Sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kuta!) Kuutoa madini safi kwahitaji umeme mwingi na ufundi mzito, hatulifichi hilo. Lakini kunoa na kutengeneza vyombo vilivyopo hakuhitaji tanuri. Kwahitaji fundi mmoja katika kila hospitali ya wilaya, na mshahara wake uwemo katika bajeti ijayo.