Tukikarabati Treni, Tusisahau Miti



Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu reli. Wenzetu Uingereza hukarabati treni kuukuu za umeme, zikatumika miaka zaidi. Ni jambo jema. Lakini hata breki nzima haifui dafu juu ya reli inayoteleza. Oktoba 31, 2021, huko Salisbury, treni ya dizeli ilishindwa kusimama ikagongana na nyingine. Wachunguzi walieleza kuwa majani yalipondeka juu ya reli yakaleta utelezi, na miti ya hapo haikutunzwa ipasavyo.

Sisi tangu 2024 tunayo treni ya umeme, Dar es Salaam hadi Dodoma. Tawi likiangukia nyaya, abiria watakwama. Basi fedha za karakana ziende sambamba na za kufyeka na kupogoa. Tusingoje maafa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.