Kuni Mbichi za Mei Ndizo Kikohozi cha Julai

Kila mwaka ifikapo Juni, baridi inapoanza kuuma kuanzia Limuru hadi Kinangop na Molo, mimi hujua ni wagonjwa gani watakaobisha mlango wa kliniki yangu hapa mjini. Huwa ni akina mama wazee walioletwa kutoka mashambani na watoto wao wanaofanya kazi mjini. Huja wamejifunga leso na sweta mbili, wakikohoa tangu mlangoni.

Mmoja wao simsahau. Alikuwa na umri wa miaka sitini na ushei. Alikuwa amekohoa kwa misimu mitatu ya baridi. Alikuwa amekunywa dawa za kikohozi chupa baada ya chupa, na makohozi yake yalikuwa yamepimwa mara mbili kutafuta kifua kikuu. Hakikupatikana. Nilipomuuliza kama aliwahi kuvuta sigara, alicheka hadi akashikwa na kikohozi.

"Daktari, mimi nivute sigara? Labda huo moshi wa jikoni."

Nikamuuliza anapikia kuni gani. Hapo mwanawe, kijana nadhifu aliyevaa tai, akadakia kwa fahari kwamba mama hana shida ya kuni: yeye humnunulia lori zima kila mwezi wa Mei. Mama akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, lakini huwa mbichi, na hunyeshewa pale pale zilipomwagwa."

Hapo nikapata jibu ambalo maabara haikuwa imelipata. Kijana yule alimpenda mamake. Lakini kila mwaka alikuwa akimtumia lori la moshi.

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Mimi kama daktari naongeza kuwa pafukapo moshi mwingi, aghalabu pana kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzani wake huwa ni maji. Kuni hiyo ikitiwa motoni, joto lote la mwanzo hutumika kuyachemsha maji hayo. Utaona povu likitoka mwishoni mwa kuni na kusikia mlio wa kuchuruzika. Moto huwa hafifu, kuni haiungui sawasawa, na kile ambacho kingegeuka kuwa mwali hutoka kama moshi mzito. Kwa hivyo mama huinama kupuliza, na kila akipuliza huvuta pumzi nyingine ya moshi ule ule.

Moshi huo umebeba chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano huongeza hatari ya nimonia. Kwa watu wazima waliokaa nao miaka mingi, njia za hewa hukazana na kuziba polepole, ugonjwa ambao wengi hudhani ni wa wavutaji sigara pekee. Huwachochea wenye pumu, huchangia mtoto wa jicho, na mama mjamzito anayeuvuta huweza kuzaa mtoto mwenye uzani mdogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020 pekee.

Najua kuna msomaji atakayesema: daktari, mbona usituambie tuache kuni kabisa, tununue gesi? Nakubaliana naye. Mwenye uwezo wa kumnunulia mamake mtungi wa gesi na kuhakikisha unajazwa, na afanye hivyo leo. Kuni kavu nazo hutoa moshi, na sitaki mtu aseme nimezipa cheti cha afya. Lakini sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba humu nchini hupikia kuni. Hata penye mtungi, mara nyingi maharagwe na githeri huchemshwa kwa kuni, na jioni za Julai familia nzima huota moto huo. Tukingoja gesi ifike kila boma, kizazi kizima cha wazee wetu kitaendelea kukohoa. Ninachopendekeza hapa kinaweza kufanywa mwaka huu, tena kwa gharama ndogo.

Jambo la kwanza ni wakati. Kuni za baridi hazinunuliwi Mei, mvua ya masika ikiwa imeshamiri. Hununuliwa Januari au Februari, jua likiwaka. Ukinunua lori la kuni mbichi, jua kwamba sehemu kubwa ya pesa zako imelipia maji.

Pili, kuni zipasuliwe kabla ya kupangwa. Gome la mti huzuia maji yasitoke, kwa hivyo gogo zima la mkaratusi laweza kukaa miezi mingi na bado likawa bichi moyoni. Kuni iliyopasuliwa, isiyozidi unene wa kifundo cha mkono, hukauka upesi zaidi.

Tatu, zisilale chini. Tandika mawe au magogo mawili, upange kuni juu yake ili unyevu wa ardhi usipande na mchwa wasipate njia rahisi. Acha nafasi upepo upite katikati. Rundo lililomwagwa ovyo huoza upande wa chini hata kama juu kumekauka.

Nne, funika juu, acha kando wazi. Hapa ndipo wengi hukosea. Hufunika rundo lote kwa karatasi ya nailoni hadi chini, kisha hushangaa kukuta ukungu. Kuni zinahitaji kupumua. Mabati machache juu ya nguzo nne, yakiinama upande mmoja ili maji yatiririke, yatatosha.

Tano, banda hilo lisigusane na ukuta wa nyumba, wala kuni mbichi zisirundikwe ndani ya chumba cha kulala. Ukungu wake huwasumbua wenye pumu, na nyoka na nge hupenda kujificha humo. Rundo lisizidi kimo cha kifua, maana watoto hupanda, nalo huanguka. Za kutumia usiku zichukuliwe mapema, mchana kungali na mwanga.

Utajuaje kuwa zimekauka? Tazama ncha zake: kuni kavu huwa na nyufa. Ipime mkononi: huwa nyepesi, na gome hubanduka. Gonganisha mbili: zilizokauka hulia kwa mlio mkali, mbichi hutoa kishindo kizito. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo sababu wengi walikausha kuni juu ya meko. Kasoro ya desturi hiyo ni kwamba cheche moja inaweza kuteketeza nyumba.

Nitatoa maonyo mawili kabla sijamaliza. Usiruhusu vipande vya milingoti ya umeme au mbao zilizotiwa dawa au rangi kuingia jikoni, hata vikiwa vikavu namna gani. Baadhi ya dawa hizo zina sumu ya aseniki, nayo hutoka katika moshi na kubaki kwenye majivu. Pia, kuni ziwe kavu au mbichi, makaa yake yasiingizwe chumbani usiku ili kuwapasha joto waliolala. Nanyi mnaotumia jiko la makaa hapa mjini, neno hili ni lenu pia. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyoonekana wala kunusika, na hushika damu kwa nguvu kuliko hewa safi ya oksijeni. Aliyelala hazinduki kuomba msaada. Lizimeni jiko au liacheni nje, mjifunike blanketi ya pili.

Nikirudi kwa mgonjwa wangu, mapafu yake hayatarudi kuwa ya kijana. Hilo sikumficha mwanawe. Lakini mwaka uliofuata kijana alinunua kuni Januari, akamjengea mamake banda la mabati sita, na kutoboa dirisha kubwa katika ukuta wa jiko. Julai hiyo mama alikuja kliniki mara moja tu, kupimwa shinikizo la damu. Kijana aliniambia kuwa nauli na dawa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimemgharimu zaidi ya banda lile.

Msomaji wangu, hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani afya ya wazazi wetu hununuliwa kwenye duka la dawa. Sehemu yake iko nyuma ya nyumba, katika kile kirundo tunachokipita tukienda kusalimia. Nao watoto unaowapeleka kwa nyanya yao likizo ya Agosti wataketi kando ya moto huo huo.

Basi utakapompigia mama simu Jumapili hii, baada ya kumjulia hali na kuuliza habari za ng'ombe, muulize swali moja zaidi: "Mama, kuni zako zimelala wapi?" Akikwambia ziko nje zinanyeshewa, usimtumie pesa za dawa ya kikohozi. Mtumie za mabati.