Inhela Ibaki Kwenye Pochi

Sisi mafundi wa nguo za harusi hapa Madibira tunasikia mengi mtu akija kupimwa. Siku hizi ni magome ya mjafari, ule mti wenye miiba minene kwenye shina: yanachemshwa, mwenye pumu anakunywa. Hatuyabezi, wazee wametumia kwa kikohozi miaka mingi. Tunachokataa ni bibi harusi kuacha inhela kwa sababu ya chupa ile, eti ukweni wasijue anaumwa.

Pumu ikibana, njia za hewa zinakuwa nyembamba. Salbutamo ya kuvuta huzifungua ndani ya dakika chache; chupa ya magome haina kipimo, leo kali, kesho kama maji. Na harusi zetu jamani, moshi wa udi na ubani chumba kizima! Huku kwetu ongeza vumbi la pumba za mpunga.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza tujitibu, na inhela nayo ni tiba. Dawa ya chupa ukiitaka, uliza kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na daktari wako ajue unainywa. Kwa gauni, tuambie mapema tu: tunashona mfuko mdogo kwa ndani, hakuna atakayeuona.