Biashara matangazo, lakini je, ujumbe mfupi wa mtandaoni unamlipa mkulima?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wa mjini nao wakaja na wao: biashara matangazo. Kwa miaka mingi mkulima wetu ameishi kwa msemo wa kwanza. Analima, anavuna, kisha anakaa shambani kusubiri gari la dalali limfuate. Siku gari lisipofika, nyanya zinaoza na mayai yanarundikana.

Siku hizi kila semina ya wajasiriamali ina mtoa mada anayewaambia washiriki waingie mtandaoni watangaze bidhaa zao kwa jumbe fupi. Wanaambiwa ni bure, ni haraka, na wateja ni wengi. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Makala haya yanajaribu kupima jambo hili kwa kipimo cha mkulima na mchuuzi, yaani nini kinabaki mfukoni baada ya gharama zote kutolewa.

Tuanze kwa kuelewana. Mitandao ya jumbe fupi ni ile ambayo mtu huandika sentensi mbili tatu, zikasomwa papo hapo na wote waliochagua kumfuata. Uliovuma zaidi ni Twitter, ulioanza mwaka 2006 ukiruhusu herufi 140 tu kwa ujumbe mmoja. Novemba 2017 ziliongezwa zikawa 280, na Julai 2023 mtandao huo ulibadilishwa jina ukaitwa X. Wachina wana Weibo, ulioanza mwaka 2009, na kampuni ya Meta ilianzisha Threads mwaka 2023. Huku kwetu wafanyabiashara wengi hufanya kazi hiyohiyo kwa status na chaneli za WhatsApp. Majina yanatofautiana, lakini kanuni ya kiuchumi ni ileile.

Ni kengele, si duka

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa gari la chakula liitwalo Kogi, lililoanza kuuza mjini Los Angeles, Marekani, mwishoni mwa mwaka 2008. Mpishi wake, Roy Choi, alikuwa akijaza nyama yenye viungo vya Kikorea ndani ya chapati za Kimeksiko. Gari halikuwa na kituo kimoja, hivyo wenyewe walitumia Twitter kutangaza leo watasimama mtaa gani na saa ngapi. Watu walipanga foleni ndefu hata kabla gari halijafika.

Wengi wanaosimulia habari hii husema Twitter ndiyo iliyouza chakula kile. Si sahihi. Kilichouza ni chakula chenyewe. Ujumbe ulifanya kazi ya kengele: uliwaambia watu ambao tayari walikitaka chakula hicho kwamba kipo mahali fulani, saa fulani. Habari hiyo ilikuwa na thamani kwa sababu ilibadilika kila siku. Kama gari lingesimama pembe moja mwaka mzima, mteja asingehitaji kuambiwa liko wapi.

Hapo ndipo uchumi wa jambo hili ulipo. Tangazo la namna hii hulipa pale muuzaji na mnunuzi wanapotafutana bila kuonana, na bidhaa haiwezi kusubiri. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa jimbo la Kerala, India, walioanza kupata simu za mkononi kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, mvuvi aliweza kufika ufukweni akakuta soko limejaa samaki, akamwaga mzigo wake, wakati soko la jirani lina wanunuzi wasio na samaki. Baada ya simu, wavuvi waliuliza bei wakiwa bado baharini, wakaenda kutia nanga penye uhitaji. Faida yao iliongezeka kwa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na umwagaji wa samaki ukakoma.

Tuzingatie jambo moja katika utafiti huo. Wale wavuvi walifaidika kwa sababu walikuwa na mashua na waliweza kugeuza njia. Habari bila uwezo wa kuitumia haina bei. Mkulima anayejua kuwa nyanya zina soko Kariakoo, lakini hana gari wala mwenzake wa kuchangia nalo gari, bado yuko mikononi mwa dalali.

Nchini Kenya upo mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu. Mwaka 2012 chifu wa Lanet Umoja, eneo la Nakuru, Francis Kariuki, alipata umaarufu kwa kuwapasha wananchi wake habari kupitia Twitter. Aliwahi kutangaza kondoo aliyepotea, akataja rangi yake na kamba iliyokuwa shingoni, na mnyama akapatikana. Hata wenye simu za kawaida waliweza kupokea jumbe zake kama ujumbe wa simu. Chifu yule hakuwa na mamilioni ya wafuasi. Alikuwa na watu wa eneo moja, waliomwamini, na ujumbe wake ulisema kitu kimoja kinachoeleweka. Mfanyabiashara akiyapata hayo matatu amepata tangazo.

Hesabu ya trei ya mayai

Sasa tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke zake. Tuchukue mfugaji wa Kibaha mwenye kuku wa mayai wapatao 400. Mnunuzi wa jumla anamfuata bandani na kumlipa sh 7,000 kwa trei. Mteja wa Dar es Salaam anayenunua moja kwa moja yuko tayari kulipa sh 8,500. Tofauti ni sh 1,500 kwa trei.

Tuseme mfugaji anatangaza mtandaoni na kupata oda za trei 20. Ziada yake ni sh 30,000. Usafiri unakula sh 14,000, kifurushi cha intaneti sh 3,000, na mayai yanayovunjika njiani ni nusu trei, yaani sh 3,500. Kinachobaki ni sh 9,500, na hapo hajahesabu siku nzima aliyoitumia kuzunguka Tegeta, Tabata na Mbagala akitafuta nyumba za wateja. Mfugaji huyu ametangaza, ameuza, na bado hajapata malipo ya jasho lake.

Mwenzake anapata oda za trei 50, lakini anawaambia wateja wote wamkute mahali pamoja, siku moja. Ziada yake ni sh 75,000. Usafiri wa safari moja yenye mzigo mkubwa ni sh 20,000, kifurushi ni kilekile sh 3,000, na mayai yaliyovunjika yanamgharimu sh 8,750. Anabaki na sh 43,250.

Tofauti kati ya wawili hawa haikuletwa na wingi wa wafuasi. Imeletwa na wateja kuwa kwenye njia moja. Wafuasi 50 wanaopita Mbezi kila siku ni mali kuliko wafuasi 5,000 waliotawanyika Mwanza, Nairobi na Muscat. Hawa wa mbali watasifu picha ya mayai, lakini hawatayala.

Tangazo liseme nini

Matangazo mengi ya wakulima mtandaoni huandikwa hivi: "Tunauza mayai bora kwa bei nafuu, karibuni sana." Mnunuzi akisoma hapo hajui kiasi, hajui bei, hajui mahali wala siku. Analazimika kuuliza, na wengi hawaulizi, wanapita. Linganisha na hili:

"Mayai ya kisasa trei 50, yametagwa wiki hii. Trei sh 8,500. Jumamosi saa 4 asubuhi nitakuwa Mbezi, nje ya stendi. Agiza kabla ya Ijumaa saa 12 jioni."

Ujumbe huu haufiki hata herufi 200, lakini una kiasi, bei, siku na mahali, pamoja na ukomo wa kuagiza. Ukomo huo una faida yake: unamwezesha mfugaji kujua Ijumaa usiku apakie trei ngapi. Asiyetokea mara mbili asipokelewe oda ya tatu bila kutanguliza arbuni kwa simu.

Kwa wauzaji wa vitunguu, viazi na nafaka, tajeni uzito kwa kilo, si kwa gunia. Kila mtu anajua gunia la lumbesa lilivyovuruga biashara ya mazao. Anayetaja kilo mbele ya watu wote amejifunga mwenyewe, na mnunuzi anayemwona anatimiza kila wiki hatabishana naye bei. Mzigo ukiharibika njiani, tangaza mapema. Mteja aliyepewa taarifa husamehe, lakini aliyesimama juani saa mbili huandika malalamiko, nayo husomwa na watu walewale unaotaka wanunue.

Yapo pia mazao ambayo kengele hii haiyasaidii. Mkulima wa korosho wa Mtwara, ambaye zao lake huuzwa kwa mnada kupitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani, hatabadilisha bei ya mnada kwa kuandika mtandaoni. Mwenye magunia matano ya mahindi huko Songea naye hatapata mlaji wa Dar es Salaam wa kumlipia usafiri wa magunia matano. Hao dawa yao ni ghala, umoja na mizani. Ujumbe mfupi unawafaa zaidi wenye mboga, matunda, maziwa, mayai, kuku, samaki, miche na vifaranga, walio karibu na mji.

Kiwanja cha kupanga

Lipo jambo ambalo watoa mada wengi hawalisemi. Ukurasa wako mtandaoni si mali yako. Ni kama meza ya kupanga sokoni: mwenye soko akibadili masharti, au lango likifungwa, unabaki nje na mzigo wako.

Aprili 2020 Twitter ilisitisha huduma ya kufikisha jumbe zake kwa njia ya ujumbe wa simu, isipokuwa katika nchi chache. Baada ya Elon Musk kuinunua kampuni hiyo Oktoba 2022, alama ya uthibitisho ilianza kuuzwa kwa ada ya kila mwezi. Nigeria iliufungia mtandao huo Juni 2021, na haikuufungulia hadi Januari 2022. Hapa Tanzania, X ilifungiwa Mei 2025, na wakati wa uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa.

Sababu za hatua hizo ni mjadala wa kurasa nyingine za gazeti. Kwa mfugaji, swali ni moja: kuku walitaga siku zile au hawakutaga? Walitaga. Aliyekuwa na wateja wake mtandaoni tu hakuwa na pa kuwapata. Aliyekuwa na namba zao kwenye daftari, laini za simu zikiita, aliwapigia.

Kwa hiyo ushauri wa kiuchumi ni kwamba mtandao utumike kumleta mteja mara ya kwanza. Siku ya kwanza anaponunua, andika jina, namba ya simu, mtaa anakoishi, na kiasi anachochukua kwa wiki. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na thamani kuliko idadi yoyote ya wafuasi, kwa sababu litakuonyesha uzalishe kiasi gani kabla hujanunua vifaranga. Hata ukienda kuomba mkopo, daftari la oda zilizolipwa lina uzito mbele ya ofisa mikopo. Picha ya wafuasi haina.

Anayetaka kuanza aanze kidogo: bidhaa moja, kituo kimoja, siku moja ya wiki, kwa muda wa wiki nane. Kila Jumapili aandike mapato ya ziada upande mmoja, na usafiri, kifurushi, hasara na saa zake za kazi upande wa pili. Wiki ya nane ikifika na upande wa pili bado ni mzito, amuuzie mnunuzi wa jumla bila aibu. Huyo naye anafanya kazi yenye gharama, na sasa mfugaji atakuwa anaijua gharama hiyo ni shilingi ngapi wakati wa kupatana bei.